Ukurasa wa Themanini na Sita

Tangawizi ikioza hainuki tangawizi. Inanuka muhogo uliolowekwa ukasahauliwa, na nyuma ya harufu hiyo, kwa mbali sana, unabaki ule ukali unaokupanda puani kukukumbusha kilichokuwa humo. Nilikutana na harufu hiyo nikiwa kidato cha kwanza, alasiri moja ya masika, mama yangu alipoingia nyumbani kwa mama mdogo, Bombambili, mjini Songea, nilikokuwa nikikaa kwa ajili ya shule. Alikuwa ametoka kijijini kwetu Madaba na basi la asubuhi, viatu vimejaa tope, mkononi ana mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Hakukaa. Aliuweka mfuko juu ya meza ya chakula, mama mdogo akaguna, kisha mama akafungua mafundo na kutoa tunguu moja la tangawizi lililolegea kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Alilibonyeza kwa kidole gumba, yakatoka maji meupe yenye utelezi. "Getruda," akasema, "katika nyumba yetu wewe ndiye uliyesoma. Niambie hiki ni kitu gani." Nilikuwa na miaka kumi na nne, na kusoma kote nilikokuwa nimesoma mpaka siku hiyo kulikuwa ni kunakili yaliyoandikwa ubaoni.

Ngoja nieleze kilichokuwa kimetokea, maana bila hivyo nitaonekana mwanamke mwenye kisirani tu. Kisirani ninacho, lakini hiki kina sababu. Kijijini kwetu kulikuwa na kikundi cha wakulima wa tangawizi, na bonde lote lilikuwa mali ya kikundi. Kila mwanachama alikuwa na kipande chake, na ukitolewa kikundini kipande kinarudi, anapewa mwingine. Mama, aliyefiwa na baba nikiwa darasa la pili, alikuwa mtunza mbegu. Kwetu mbegu ya tangawizi haikuuzwa. Baada ya mavuno kila mtu alitoa matunguu yake bora, yakafukiwa pamoja kwenye shimo moja kivulini na kufunikwa majani makavu, na mvua zikikaribia mtunza mbegu aliyafukua na kuyagawa, debe kwa debe, yeye mwenyewe akichukua la mwisho. Msimu ule mama aligawa kama miaka yote. Debe lake alipanda nusu bondeni na nusu nyuma ya nyumba. Mwezi wa pili tangawizi ya bondeni ikaanza kujikunja majani na kugeuka njano, mashina yakawa yanang'oka kwa kuguswa tu, na chini kuna ile harufu. Ya nyuma ya nyumba yetu ilikuwa kijani, imefika magotini. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Ditram, akaangalia bondeni, akaangalia nyuma ya nyumba yetu, akatangaza kwamba Mama Getruda amewagawia wenzake mbegu mbovu, nzuri akajiwekea. Mkutano wa kumtoa ulipangwa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Kipande kile cha bondeni ndicho kilichokuwa kikinisomesha. Mama alikuwa amemfuata bwana shamba mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa yuko semina.

Kesho yake nilimwendea mwalimu wa baiolojia na tunguu langu. Akaziba pua, akaniambia hiyo si mada ya kidato cha kwanza. Nikamuuliza kama kuna kitabu. Vitabu vilikuwepo, tena vya kutosha: kando ya ofisi ya walimu kulikuwa na stoo yenye maboksi ya vitabu vilivyoletwa kama msaada, na mlango wake ulikuwa na kufuli mbili. Havikutolewa ili visichafuke. Kila nikilikumbuka hilo damu inanichemka. Watu wazima, wenye vyeti vyao, walifungia vitabu watoto wasije wakavishika, na wakaguzi walipokuja walionyeshwa vinavyong'aa, wakaondoka wameridhika kwamba shule inajua kutunza mali. Sisi huku tunanakili. Mwalimu anaandika ubaoni, tunanakili. Mwalimu ana safari, kiongozi wa darasa anaandika, tunanakili. Neno likikosewa ubaoni linakosewa darasa zima. Aliyenakili kwa mwandiko mzuri alisifiwa, na mwandiko mzuri kuliko wote ulikuwa wangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali ambalo jibu lake halikuwa limeshaandikwa kwa chaki.

Mama mdogo ndiye aliyesema nijaribu maktaba. Sitasema ni maktaba ipi ya mjini, kwa kuwa waliokuwepo wakati ule wameshaondoka na sina haja ya kugombana na kuta. Mlangoni alikaa karani mmoja, mwanamke aliyekuwa akifuma vitambaa vya makochi kuanzia asubuhi mpaka anafunga. Bila kuinua macho akaniambia nilete barua ya mkuu wa shule. Nikaleta. Akaigeuza upande huu na upande ule, akasema haina muhuri. Nikarudi shuleni, nikaambiwa mwenye muhuri amekwenda msibani Mbinga na kabati la muhuri ufunguo anao yeye. Nilikaa siku tisa. Mama yangu kijijini anapita njiani na watu wanageuza shingo, jirani aliyekuwa akiazima kinu chetu sasa anatwanga kwa mtu mwingine, na mimi Songea nasubiri duara la wino wa bluu ili niruhusiwe kusoma. Mpaka leo nikiona mtu anapuliza muhuri kwa pumzi ili ukolee kwenye karatasi, nageukia pembeni. Siku ya kumi karani aliitazama barua, akaiweka chini ya kitambaa chake, wala hakuisoma.

Ndani kulikuwa na harufu ya uji wa muhogo. Ilitoka mezani kwa mzee mmoja wa Tunduru, Bwana Salumu, aliyekuwa akibandika migongo ya vitabu kwa gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga, akiikoroga ndani ya kopo la maziwa. Kwa cheo alikuwa mfagizi. Kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa maktaba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza natafuta nini. Nikasema natafuta kitabu cha tangawizi. "Hicho ndicho unachotaka kukishika mkononi," akasema. "Nakuuliza unatafuta nini." Sikumwelewa, na kwa hasira za siku tisa nilikaribia kumjibu vibaya. Akanipa kadi chakavu iliyokwishatumika upande mmoja, akaniambia niandike swali langu kwa sentensi moja, nisiongeze hadithi. Nikaandika: kwa nini tangawizi ya bondeni inaoza? Akaisoma akiwa ameiweka mbali na macho. "Na kwingine haiozi?" Nikamwambia ya nyuma ya nyumba yetu ni nzima. "Na mbegu ni ileile?" Nikasema ni ya shimo moja. "Subhanallah, sasa mbona unaficha nusu ya swali? Liandike lote." Nikaliandika lote: kwa nini tangawizi ya bondeni inaoza, na ya nyuma ya nyumba haiozi, na mbegu ni moja? Kadi ile ninayo. Ni kitu kinachoniudhi kuliko vyote nilivyonavyo, maana kila kitu kilikuwa kimo humo tangu siku ya kwanza.

Alinipeleka kwenye kabati la visanduku vya kadi, kila kadi ikitaja kitabu kimoja na namba ya mahali kilipo. Nikatafuta tangawizi, hakuna. Nikataka kuondoka. Akanizuia kwa mkono wenye gundi, akaniuliza tangawizi ni ndugu wa nani, nikasema bizari. Watu wanaitumia kama nini, nikasema kiungo. Na yako ina nini, nikasema inaumwa. Basi tukatafuta bizari, tukatafuta viungo, tukatafuta magonjwa ya mimea, tukapata namba sita na vitabu vinne, kwa kuwa viwili havikuwa mahali pake. Akanifundisha kutoanza kitabu mwanzoni kama riwaya bali kwenda nyuma, kwenye faharasa, na kufuata namba ya ukurasa. Akanichorea mstari katikati ya daftari: kushoto maneno ya kitabu, kulia maneno yangu, yasije yakalala kitanda kimoja. Na juu kabisa, kabla sijaandika lolote, jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Nikamuuliza ya nini yote hayo. "Ili mtu asiyekupenda aweze kwenda kuangalia mwenyewe," akasema. Jambo la mwisho alilonifundisha alilisema akiwa ameinama, anakandamiza mgongo wa kamusi kwa matofali mawili. "Ukipata, usinyanyuke. Soma ukurasa wa kabla yake na wa baada yake. Kitabu hakikuandikwa kwa ajili yako."

Nilikwenda pale kila siku baada ya shule kwa zaidi ya wiki mbili. Vitabu vyote vinne vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na cha kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilikaa na kamusi, natafuta neno, narudi, nasahau neno la kwanza. Nilikuwa nikijiuliza, na mpaka leo najiuliza, ni nani aliyekaa akaamua kwamba habari za tangawizi ziandikwe kwa lugha ambayo hakuna mwenye jembe Madaba anayeisoma. Mama yangu alimaliza darasa la saba, anasoma Kiswahili vizuri kuliko wasomaji wengi wa kanisani. Angekisoma kitabu kile kwa siku moja, tena angekikosoa. Badala yake alimtuma mtoto aliyekuwa akifukua maana ya maneno mojamoja kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele.

Nilikipata nilichokipata Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo ya Pasaka. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, na maktaba hufungwa saa nane siku hiyo. Katika kitabu cha tatu, ukurasa wa themanini na tano, upande wa kulia, nilikuta maji meupe. Ilielezwa kabisa: majani kujikunja, kugeuka njano, mashina kung'oka, na tunguu likibonyezwa kutoa maji kama maziwa. Ni ugonjwa, una jina. Unakaa ardhini na unasafiri kwa maji ya mfereji, hasa kama maji hayo yamepita kwenye nyanya. Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama. Mfereji wa bondeni Mzee Ditram alikuwa ameugeuza mwezi wa kwanza mwaka uleule, ukawa unapita katikati ya nyanya zake ndipo unaingia kwa wengine. Nilinakili, kwa ule mwandiko wangu uliosifiwa. Kisha nikafika kwenye sentensi iliyofuata, iliyosema kwamba ugonjwa huohuo husafiri pia ndani ya mbegu, na mbegu inaweza kuonekana nzima kabisa siku ya kupandwa. Niliisoma mara mbili. Nilitafuta kila neno katika kamusi nikiomba mojawapo liwe na maana nyingine. Halafu nikafunga kalamu. Sikuiandika. Niliandika jina la kitabu, mwandishi, mwaka na ukurasa, nikapiga mstari chini kwa rula, nikatoka.

Mkutano ulifanyika nje ya ghala la kikundi baada ya misa. Mama alikaa mbele, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na sijawahi kumwona mtu amekaa wima namna ile. Mzee Ditram alizungumza kwanza, kwa upole, kama watu wenye hakika wanavyozungumza. Alisema hakuna anayemchukia Mama Getruda, ila aliyetaka kuona akaone nyuma ya nyumba yake. Mama akasema mtoto wake ametoka kusoma Songea na anaomba asikilizwe. Nikasimama na daftari. Nilisoma habari za maji meupe, watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikasoma habari za mfereji na nyanya, shingo zikaanza kugeuka mojamoja kumwelekea mwenyekiti. Nakiri nilifurahi. Mzee Ditram hakukasirika. Aliniuliza, "Binti yangu, kitabu gani, na ukurasa wa ngapi?" Nikamtajia vyote kwa majigambo, mpaka mwaka. Akamwomba katibu aandike, akasema bwana shamba amerudi, wiki hiyo atakwenda Songea, uamuzi usubiri Jumapili nyingine. Usiku ule mama alichinja jogoo.

Jumapili nyingine bwana shamba alikuja na pikipiki, kifuani ana bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja tu ya fotokopi, ukurasa wa themanini na tano. Aliusoma wote kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na alipofika kwenye ile sentensi ya mbegu aliirudia. Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu kama wangepiga. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipaliliana na mama tangu hatujazaliwa alisema taratibu, "Kwa hiyo walijua. Kama hawakujua, wangelificha la nini?" Mama akanigeukia. Aliniuliza mbele ya wote, "Mwanangu, hayo maneno uliyaona?" Nikasema sikuyaona. Siku hiyohiyo mama alitolewa kwenye utunzaji wa mbegu na kwenye kikundi, na kipande chetu kikapewa shemeji yake Mzee Ditram. Tulirudi nyumbani kwa njia ya juu, ile isiyopita bondeni, yeye mbele na mimi nyuma, wala hakugeuka kuniangalia hata mara moja. Tangu siku hiyo hakupanda tangawizi tena. Ile ya nyuma ya nyumba, nzima, nene, aliing'oa yote akaimwaga kwenye shimo la takataka. Mama mdogo ndiye aliyenimalizia shule, kwa kuuza vitumbua.

Kwa miaka mingi nilikuwa na mkosaji wangu tayari. Nilimwambia kila mtu kwamba karani wa maktaba alipiga kengele na kunitoa kabla sijamaliza kusoma. Ni hadithi nzuri, na kwa kuwa karani yule alikuwa mtu wa kuudhi kweli, watu waliniamini. Nilikuja kuiamini na mimi. Lakini haikuwa hivyo, na sina sababu ya kuendelea kumsingizia mwanamke aliyekuwa akifuma vitambaa vyake. Nilipofunga kalamu ilibaki nusu saa. Nilitoka nje, nikanunua hindi la kuchoma, nikakaa kwenye ukuta mfupi wa maktaba nikilitafuna punje kwa punje kwa raha zangu, na kengele ilipigwa nyuma yangu nikiwa sijalimaliza. Bwana Salumu alipita na ufagio, akaniuliza kama nimepata. Nikamwambia nimepata. "Umesoma na wa baada yake?" Nikamwambia ndiyo. Akasema alhamdulillahi, akaendelea kufagia.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ileile niliyosoma. Naishi Matogoro, palepale Songea, na mama naishi naye, magoti yake hayataki tena milima ya kwetu. Shuleni kwetu stoo ipo bado, vitabu vimo, na kufuli moja imepungua kwa sababu niliivunja mwenyewe kwa nyundo na nikaandikiwa barua ya onyo, ninayo, nimeiweka pamoja na ile kadi. Wanafunzi wangu wana kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Mmoja akishika simu ya mama yake, ndani ya dakika moja amepata jibu, na anakuja kulisimamia mbele ya darasa kwa kiburi kilekile nilichokuwa nacho mimi mbele ya ghala. Nikimuuliza nani kasema, anasema simu. Nikimuuliza chini ya maneno hayo kuna nini, ananitazama kama nimemwuliza chini ya meza kuna nini. Kwenye makundi ya simu ya wazazi dawa inasambaa, tuhuma inasambaa, jina la mtu linachafuliwa tangu asubuhi hadi mchana, kila mmoja ametuma kile kipande kinachomfaa na kukata kinachobaki. Sisi ilituchukua siku tisa za muhuri na wiki mbili za kamusi kufika kwenye uongo wetu. Wao wanafika wakiwa bado wamelala kitandani. Ningependa kusema zamani ilikuwa bora, wasomaji wanapenda kuambiwa hivyo, lakini nilikuwepo. Tofauti ni mwendo tu, na mimi ndiye ninayepaswa kuwafundisha, nikiwa najua vizuri sana namna kalamu inavyofungwa.

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi maktaba ileile. Karani ni mwingine, kijana mpole, hakudai muhuri. Bwana Salumu alishazikwa kwao Tunduru. Visanduku vya kadi vimesukumwa ukutani na juu yake wameweka chombo cha maji ya kunywa. Niliwapa wanafunzi maswali yao, niliwaagiza waandike swali lote bila kuficha nusu, na wakati wao wanahangaika na faharasa nilikwenda mwenyewe kwenye rafu. Kitabu kilikuwepo. Mgongo wake una ule weupe wa gundi ya muhogo. Nilifungua ukurasa wa themanini na tano, nikaisoma sentensi yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikageuza karatasi. Ukurasa wa themanini na sita unaeleza namna ya kutofautisha. Kama ugonjwa umekuja na mbegu, utaonekana popote mbegu hiyo ilipopandwa, hata kwa mwenye kuitunza. Kama umekuja na maji, utaanzia pale mfereji unapoingilia na kushuka kipande kwa kipande, na mbegu ileile ikipandwa mbali na maji hayo itakuwa salama. Nilisoma nikiwa nimesimama katikati ya rafu, mwalimu mtu mzima, nimejaa hasira. Bonde lote lilikuwa limeoza kuanzia juu kwenda chini, kila mtu alikuwa ameliona. Tangawizi ya nyuma ya nyumba, waliyoitumia kumhukumu mama, ndiyo iliyokuwa inamtetea. Bwana shamba, na chuo chake alichosoma, alikishika kitabu hiki mkononi, akautolea fotokopi ukurasa nilioutaja mkutanoni, na yeye pia hakugeuza karatasi. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

Nilitoa fotokopi ya ukurasa huo, jioni nikaipeleka nyumbani. Mama alikuwa barazani anapembua maharage. Nilikuwa nimeandika Kiswahili chake pembeni, kwa herufi kubwa. Kabla sijampa nilimwambia, "Mama, ile sentensi ya mbegu, siku ile niliiona." Mikono yake haikusimama. "Nilijua," akasema. "Nilipokuuliza uliangalia miguu yangu." Nikamuuliza mbona hakusema, miaka yote hii. "Nilikasirika," akasema, "nikakasirika mpaka nikachoka. Ningesema nini? Lete hiyo karatasi." Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, kama anavyosoma masomo ya Jumapili. Alipomaliza alitazama kilima. "Kwa hiyo yalikuwa maji," akasema. Nikamwambia yalikuwa maji, na ulikuwa mfereji wa Mzee Ditram, na mbegu yake haikuwa na kosa lolote, na kitabu ndicho kinachosema, si mimi. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Nilikuwa tayari kwenda Madaba usiku ule kuwaamsha waliobaki hai mmoja mmoja. Mama aliigeuza karatasi, akaona nyuma ni nyeupe, akanirudishia. "Na ukurasa wa baada ya huu unasemaje?"

Ukurasa wa themanini na saba haukuhitaji hata kugeuzwa, ulikuwa palepale upande wa kulia, umenitazama muda wote ule nikiwa nimesimama na hasira zangu, na sikuusoma hata neno moja, kwa sababu nilikuwa nimepata. Mama alinitazama juu ya miwani, hakucheka, akarudi kwenye maharage yake. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa maktaba kabla hawajafungua, na mama alikuwa kando yangu na fimbo yake na pochi yake, maana alisema safari hii haniachi niende kusoma peke yangu.